Saa 26 Zilizopotea Kati ya Toronto na Lamu

Ami yangu mkubwa alinigeukia mbele ya wazee wote akasema, "Wewe ndiye mwalimu wa jiografia. Hebu tuambie, mwanangu. Kutoka huko aliko nduguyo mpaka hapa, ni mwendo wa saa ngapi?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni, mguu mmoja dakani, mmoja ndani. Nyuma yangu wanawake walikuwa wakilia. Mbele yangu wazee walikuwa wamenyamaza, wananitazama mimi na simu niliyoishika.

Baba alikuwa amefariki saa 9:30 mchana, Jumanne, mwezi wa pili, kaskazi likivuma mpaka mapazia ya chumba chake yakawa hayatulii. Ndugu yangu, mtoto wa kiume wa pekee, yuko Toronto, Kanada. Nilipompigia, kwao ilikuwa saa 1:30 asubuhi, ndiyo kwanza anatoka zamu ya usiku. Hakusema mengi. Alisema, "Ningojeeni." Kisha akalia, na simu ikakatika.

Nikaandika majina mawili kwenye simu. Toronto. Lamu.

Ukurasa ukaniletea jibu kabla sijavuta pumzi: kilomita 12,590. Muda wa kuruka: saa 14.

Nilijiona mwangalifu. Nikaongeza saa 4 za kubadilisha ndege, nikaongeza moja ya kuvuka kutoka Manda, kisiwa jirani chenye uwanja wetu wa ndege. "Saa 19, Ami. Akipata ndege leo, kesho mchana yuko hapa."

Ami akahesabu kwa vidole, akawatazama wenzake. Mmoja wao alisema kwa sauti ya chini kwamba maiti hacheleweshwi. Ami akamjibu kwamba ni siku moja tu, na kijana analia. "Basi tumngoje. Tutazika kesho baada ya alasiri."

Ndugu yangu aliingia Lamu Alhamisi, saa 5 na robo asubuhi.

Tulikuwa tumeshazika.

## Alfajiri ya Jumatano

Ujumbe wake ulinifika saa 11 alfajiri. "Ndiyo napanda sasa."

Niliusoma mara tatu. Nilikuwa nimekwisha kumweka angani tangu jana magharibi. Kichwani mwangu alikuwa ameshavuka bahari nzima, yuko juu ya jangwa, anakaribia. Kumbe usiku kucha alikuwa bado Toronto.

Nilikwenda kumwambia Ami alipotoka msikitini. Hakukasirika. Aliuliza tu, "Kwa hiyo leo hafiki?" Nikasema hafiki. Akatazama chini kitambo. Jamaa wa Siyu na Faza na Kizingitini walikuwa wameshaambiwa alasiri, na wengine walikuwa tayari baharini, kwa hiyo hata kuzika asubuhi haikuwezekana. Baba alibaki pale, akingojea saa iliyopangwa kwa ajili ya mtu ambaye sote tulijua hatakuja.

Alizikwa baada ya alasiri, kama ilivyosemwa. Wakati huo ndugu yangu alikuwa ametua Istanbul kama saa moja hivi iliyopita. Alinihadithia baadaye kwamba alitafuta chumba cha kusalia uwanjani pale, akakaa humo mpaka miguu ikafa ganzi.

Alipofika Alhamisi hakupita nyumbani. Kutoka gatini alikwenda moja kwa moja makaburini, na begi lake. Mimi nilimwona adhuhuri, aliposimama mlangoni, mchanga magotini.

Hakuna aliyenilaumu. Si yeye, si Ami, si Mama. Wiki zikapita, na hilo ndilo lililonikosesha usingizi: watu walimwacha maiti wao siku nzima kwa sababu mimi nilitamka namba, na hakuna hata mmoja aliyenirudishia namba yangu.

## Uzi na tufe

Nilianza pale ninapojua pa kuanzia, darasani.

Jioni moja wanafunzi walipokwisha kuondoka nilichukua tufe la shule, lenye kipenyo cha sentimita 30, na uzi wa kushonea. Nikabana ncha moja Toronto na nyingine Lamu, nikauvuta mpaka ukakaza. Uzi ukikazwa juu ya tufe hujitafutia wenyewe njia fupi kuliko zote. Ulitoka sentimita 29 na nusu na ushei. Mzingo wa dunia ni kama kilomita 40,000, na mzingo wa tufe lile ni sentimita 94. Fanya hesabu, utapata kilomita 12,500 na kitu. Ukurasa ule haukusema uongo.

Ukichukua rula kwenye ramani ya ukutani, mstari wa Toronto na Lamu unashuka sawasawa katikati ya Atlantiki na kuingia Afrika upande wa Mauritania. Uzi haukwenda hivyo. Kwanza ulipanda kaskazini mashariki, ukapita Newfoundland, kisha ukaanza kujipinda kushuka. Ukagusa Ureno. Ukakata kusini mwa Hispania, Algeria, pembe ya Libya, Chad, Sudan, Sudan Kusini, ukashuka mpaka kwetu.

Niliinama kuangalia ulipogusa Ureno.

Uzi ulikuwa umepita karibu kabisa na Lisbon.

Nilikaa chini. Kila mwaka nafundisha watoto kwamba Vasco da Gama aliondoka Lisbon Julai 1497 na kutia nanga Malindi Aprili 1498. Miezi tisa na siku kadhaa. Na hapa kulikuwa na uzi wa kushonea unaosema kwamba njia fupi ya ndugu yangu kuja kumzika baba yake inapita juu ya bandari ile ile. Haikunipa jibu lolote. Ila tangu hapo sikuweza tena kuitazama kilomita 12,590 kama namba tupu.

## Kona ya Istanbul

Kwa siku kadhaa niliamini kosa langu limo kwenye mstari. Ukurasa ulipima njia iliyonyooka, na hakuna ndege inayotoka Toronto ikatua Manda. Uwanja wetu hupokea ndege ndogo za ndani. Ndugu yangu alipitia Istanbul, kisha Nairobi. Nikasema, basi ni ule mzunguko uliomchelewesha.

Nikapima kipande kwa kipande. Toronto mpaka Istanbul, kilomita 8,170 hivi. Istanbul mpaka Nairobi, 4,800. Nairobi mpaka Manda, 450. Jumla kama 13,420.

Zaidi ya mstari ulionyooka kwa kilomita 830.

Ndege kubwa inakwenda karibu kilomita 900 kwa saa. Mzunguko wote ule, ambao kwenye ramani unaonekana kama mtu aliyepotea njia, unakula muda usiofika saa moja.

Mtu akiwa anatafuta mahali pa kuweka kosa lake, hakuna kinachoumiza kama kukuta mahali pale hapatoshi. Ndipo nilipomwomba ndugu yangu aniandikie safari yake yote, na saa zake.

## Daftari la safari

Tangu Baba alipokata roho mpaka ndugu yangu alipofika makaburini zilipita saa 44, ukipunguza robo.

Angani alikaa saa 18. Kumi mpaka Istanbul, saa 7 kasorobo mpaka Nairobi, saa moja na robo mpaka Manda.

Kwa hiyo saa 18 zangu, zile 14 na 4 kabla ya kivuko cha Manda, zililingana na zake za angani. Nilipoliona hilo nilitaka kucheka na kulia. Nilitabiri saa 19, na muda wake wa angani, ukiongeza kivuko cha Manda, haukufika hata 19. Zile 26 nyingine zilikuwa chini, ardhini, ambako ukurasa wa masafa hautazami.

Istanbul alingoja saa 5. Viwanja vikubwa vya kubadilishia ndege hupanga mambo kwa mafungu: ndege nyingi zifike pamoja, abiria wabadilishane, kisha ziondoke pamoja. Ukiwahi fungu lako unangoja kidogo. Ukilikosa, unalala kitini.

Nairobi alitua saa 9 kasorobo usiku. Lamu iko mbele yake, kilomita 450 tu, na hakuna kitu cha kumleta. Ndege ya kwanza ni asubuhi. Barabara? Kutoka Nairobi mpaka Mokowe, gati la bara tunakovukia, ni siku nzima, na hakuna anayeianza usiku ule. Akakaa karibu saa 7 kwenye viti vya chuma, saa 7 kwa mwendo wa saa moja na robo. Katika safari yake yote, kipande kilichokuwa kifupi kuliko vyote ndicho kilichomgharimu zaidi kwa kila kilomita, na sisi tunaoishi visiwani hilo tunalijua hata bila kupima. Aliyeko Nairobi usiku wa manane yuko mbali na Lamu kama aliyeko Istanbul.

Nusu saa nyingine ilikuwa ya gatini Manda, kungojea boti ijae na kuvuka mlango wa bahari.

Jumlisha. Tano, saba kasorobo, nusu. Zinafika 12 na robo.

Bado zilibaki saa 13 na nusu. Zote zilikuwa Toronto, kabla hajapanda ndege yoyote.

## Maji ni yale yale

Sikumuuliza mara moja. Niliogopa, na nikajificha kwenye vitabu, kama kawaida yangu.

Nilirudi kwa Vasco da Gama, kwa sababu ya ule uzi. Alipoondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498, na rubani aliyepewa pale pale Malindi, alifika Calicut, India, tarehe 20 Mei. Siku 26, kwa masafa ya kilomita 4,000 na zaidi. Mwaka ule ule, mwanzoni mwa Oktoba, alianza kuvuka kurudi. Hakungoja kaskazi, upepo unaosukuma vyombo kutoka India kuja kwetu. Alifika Malindi Januari 1499, baada ya zaidi ya miezi mitatu, na mabaharia wake kwa makumi walikuwa wamekufa kwa ugonjwa wa fizi.

Bahari ni ile ile. Wala haikuwa imepanuka.

Baba angecheka kusikia kwamba jambo hili linahitaji kitabu. Ujanani alikuwa baharia kwenye majahazi ya boriti, kabla serikali haijapiga marufuku kuuza boriti nje mwaka 1982. Lamu na Mombasa ni kilomita 240 hivi kwa mstari. Ukimuuliza ni mwendo gani, alikujibu kwa swali: "Kwa upepo upi?" Kwa kaskazi alisema siku mbili, omo limeelekea kusini na tanga limejaa. Kwa kusi, upepo wa kinyume chake, hakusema siku. Alisema, "Hapo muulize Mungu."

Na nilipokuwa mdogo niliona hilo ni jibu la mtu asiyejua hesabu. Naandika haya na uso unaniwaka.

Angani nako kuna pepo zake. Kule juu zinakoruka ndege kubwa, upepo wenye nguvu wa kaskazini mwa dunia huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ndege ya moja kwa moja ya Kenya Airways kati ya Nairobi na New York ilipoanza Oktoba 2018, ratiba yake ilikuwa saa 15 kwenda na saa 14 kurudi, kwa kilomita zile zile. Ukurasa niliousoma mimi uligawa masafa kwa mwendo, basi. Haukuuliza ni upepo upi. Na mimi, binti wa baharia, sikuuliza.

## Ndege ya kabla ya adhuhuri

Nilimpigia usiku mmoja, kwake ni mchana.

Nikamwambia: Baba alifariki saa 1:30 asubuhi kwa saa za kwenu. Ulipanda ndege saa 3 usiku. Hapo katikati ulikuwa wapi?

Akanyamaza. Nikasikia mlango ukifungwa, nadhani alitoka nje.

"Kulikuwa na ndege nyingine," akasema. "Kabla ya adhuhuri. Inavuka moja kwa moja mpaka Afrika, bila kupita Ulaya. Ningetua Nairobi Jumatano kabla ya adhuhuri ya huko. Ningewahi ile ya mchana ya Lamu."

Nilifanya hesabu huku anaongea. Manda kabla ya alasiri. Angewahi mazishi.

"Nauli yake ilikuwa zaidi ya mara mbili," akasema. "Siku ile ile, unajua wanavyofanya. Kadi yangu haikufika."

Kadi yake haikufika kwa sababu mwezi uliotangulia alikuwa ametuma pesa za matibabu ya Baba. Mimi mwenyewe ndiye niliyezipokea. Mimi ndiye niliyelipa hospitali, nikamtumia picha ya risiti.

Asubuhi ile, pale sisi tulipokuwa tumekaa tukihesabu kilomita, yeye alikuwa kwenye kundi la WhatsApp la watu wa kwetu walioko Toronto. Wakachanga. Huyu dola 50, yule 100, mmoja alikopa kwa mkewe. Mchango ulitimia adhuhuri. Ndege ya kabla ya adhuhuri ilikuwa imekwenda, na nauli waliyoifikia ilikuwa ya ile ya jioni. Zaidi ya hapo, ndege nyingi za kutoka upande ule kuvuka Atlantiki huondoka jioni, ili watu walale njiani. Kwa hiyo ukiikosa ya asubuhi, siku imekwisha.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umeshawaambia wazee saa 19," akasema. "Sikutaka kukuvunja mbele yao. Na nilikuwa natumai. Mpaka saa 6 nilikuwa bado natumai."

Saa zangu 19 zilikuwepo, basi. Zilikuwa kweli tupu. Kulikuwa na kiti, kulikuwa na ndege, kulikuwa na njia ya kumfikisha mtu kutoka Toronto mpaka Lamu katika muda ule niliousema. Mtu fulani labda alikaa kwenye kiti kile siku ile. Ukurasa unapokuambia saa 14 hausemi ni nani anayesafiri, na mimi niliusoma kama vile umemtaja ndugu yangu kwa jina.

Sijui niseme nini zaidi hapa. Nimejaribu kuiandika aya hii mara nyingi.

## Ami

Baada ya simu ile nilikwenda kwa Ami. Nilimkuta barazani kwake, magharibi imeshaingia, anangojea isha. Nikamwambia yote, pamoja na ya nauli. Kisha nikamwomba radhi.

Alisikiliza mpaka mwisho. Ami si mtu wa kukatiza.

"Sisi hatukungoja kwa hesabu yako," akasema. "Tulingoja kwa sababu kijana alilia."

Nataka kumwamini. Lakini nilikuwepo. Nilimwona akihesabu kwa vidole. Nilimwona yule mzee mwingine akitaka kupinga, na nikaona namba yangu ilivyomnyamazisha. Kilio peke yake kisingemnyamazisha. Kilio kina majibu yake, na wazee wanayajua. Saa 19 hazikuwa na jibu. Zilitoka kwenye simu.

Labda Ami alikuwa ananihurumia. Labda anasema kweli na mimi ndiye ninayejipa ukubwa nisio nao. Bado nageuka upande huu na upande ule.

Akaniambia jambo jingine ambalo sikulijua. Babu yangu alipokufa, Baba alikuwa Mombasa na jahazi. Alipata habari siku ya 9, kwa mabaharia wa chombo kingine kilichotoka Lamu. Aliporudi alishuka chomboni akaenda moja kwa moja makaburini, kama alivyofanya mwanawe. Hata mchanga ule ule.

"Mlimngoja?" nikauliza.

"Tumngoje vipi?" Ami akashangaa. "Nani alijua yuko wapi? Tulizika siku ile ile. Hatukuwa na saa ya kumngojea."

Tulikaa kimya. Muadhini akaanza.

Nimelifikiria sana neno lile. Baba alipokosa mazishi ya baba yake, hakuna aliyekuwa na la kujuta. Bahari ilikuwa imekaa katikati na kila mtu aliiona. Ndugu yangu aliyakosa akiwa na simu mkononi, na sisi tuna simu mkononi, tunaonana kwa picha, tunaulizana umefika wapi. Namba ilitufungulia mlango wa kumngojea. Bila namba tungezika usiku ule baada ya isha, tungelia, na ingekuwa imekwisha. Wala sitamani kurudi kwenye majahazi. Natamani ningesema, mlangoni pale, neno ambalo Baba angelisema: kwa upepo upi?

Ningemuuliza ndugu yangu hivyo. Una pesa ya tiketi? Ndege ipo saa ngapi? Maswali mawili, dakika mbili. Jibu lingekuja lote.

## Karatasi ya Mama

Ndugu yangu alikaa nasi siku 12, ndizo alizopewa kazini. Haya ya nauli na ya Ami nimeyajua baada ya yeye kuondoka, lakini usiku wa kuamkia safari yake, kabla sijajua lolote kati ya hayo, Mama aliniuliza lile swali.

"Atafika baada ya saa ngapi?"

Sikuigusa simu. Nilimwomba ndugu yangu tiketi zake, nikachukua karatasi ya daftari, nikaandika kila kitu, mstari kwa mstari. Nikaiandika kwa herufi za Kiarabu, maana Mama huzisoma upesi kuliko hizi. Nikaweka na saa kwa mtindo wetu, kwa sababu tiketi husema 14:00 na Mama kwake ni saa 8.

Boti mpaka Manda. Kungoja. Ndege mpaka Nairobi, saa moja na robo. Kungoja, saa 13. Ndege mpaka Istanbul, saa 7. Kungoja, saa 4. Ndege mpaka Toronto, saa 11. Hapo Mama akaniuliza mbona kuja zilikuwa 10, nikamweleza upepo, akatikisa kichwa kama mtu anayesikia jambo analolijua. Kisha kupanga foleni ya pasipoti, kisha basi, kisha kutembea mpaka mlangoni kwake.

Kungoja nilikupa mstari wake kila mara, kwa wino ule ule.

Aliondoka nyumbani Jumatatu saa 6 u nusu mchana. Mama alikaa na karatasi na penseli. Kila ujumbe ulipoingia niliusoma kwa sauti, naye akatia alama. Alipofika kwenye saa 13 za Nairobi hakutia alama. Aliiweka penseli juu ya mstari ule, kana kwamba anamkalia karibu. Alilala kidogo alfajiri, akaamka kutia alama ya kuruka. Jumanne yote karatasi ilikuwa kando ya msala wake. Jirani waliokuja kumpa pole waliikuta, wakaisoma, wakauliza yuko mstari upi.

Usiku wa kuamkia Jumatano tulikaa wawili tu. Ujumbe wa kutua ulikuja saa 8 usiku. Nikadhani sasa atalala. Hakulala. Ilibaki mistari mitatu.

Saa 10 alfajiri simu ikalia. Ilikuwa picha: mlango wa mbao, taa ya njano, theluji kwenye ngazi, ufunguo kwenye kitasa. Chini yake ameandika, "Nimefungua."

Mama akatia alama ya mwisho. Akaikunja karatasi mara mbili, akaiweka chini ya mto.

"Haya, zima taa," akasema. "Kuna saa moja kabla ya adhana."